SHULE YA NASARI NI YA WATOTO WOTE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wakaao Kayole na mitaa ya jirani)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, ndugu na dada wanachama,

Halmashauri ya tawi ilituchagua sisi watu wanne tutazame habari za shule za nasari wanakokwenda watoto wetu hapa Kayole, na leo tumepewa nafasi ya kuwaelezeni tuliyoyaona. Tutasema juu ya jambo moja tu, yaani mtoto aliye tofauti na wenzake: asiyesikia sawasawa, asiyeona, mwenye miguu mizito, au aliye mzito wa kusema na kushika mambo. Je, nasari impokee? Na ikimpokea, imfundishe nini, na kwa njia gani?

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Twajua wako watakaonung'unika wakisema kazi ya chama ni mishahara, na nasari ni mambo ya akina mama. Twawajibu mapema. Mshahara tunaoudai kwa taabu haukai mfukoni. Huenda kwa mwenye nyumba, huenda dukani, na muhula ukianza huenda kwa mwenye shule. Basi kuuliza twanunua nini kwa fedha hiyo ni kazi ya chama pia.

Zamani wazee wa reli walikaa Muthurwa na Makongeni, katika nyumba za reli, karibu na kazi. Leo wengi wetu tumepanga Kayole. Twaondoka kabla jua halijachomoza, na mke naye huenda sokoni au kiwandani. Mtoto wa miaka 4 hapana budi awe mahali. Mahali penyewe ni nasari: pengine darasa zuri lenye kiwanja, pengine chumba cha mabati ndani ya ploti, pengine ghorofani juu ya duka.

Sasa sikilizeni habari ya mwenzetu mmoja. Mtoto wake alitimiza miaka 4 hali hajasema neno zaidi ya mawili matatu. Alimpeleka katika nasari tatu. Ya kwanza ilimtahini. Alionyeshwa rangi, akaulizwa majina yake kwa Kiingereza, akanyamaza. Akaambiwa bado hajawa tayari, arudi mwakani. Ya pili ilisema atawachelewesha wenzake. Ya tatu ilikubali kumchukua, ila kwa karo mara mbili. Mwisho mama yake aliacha kazi ya kushona akakaa naye nyumbani. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na mishahara miwili sasa ina mmoja, na mtoto yu ndani ya chumba kimoja na televisheni, hana mwenziwe wa kucheza naye. Hatutaji majina ya shule hizo, maana hatukuja kushtaki shule hii wala ile. Twaishtaki desturi.

Tena tukumbuke desturi yetu wenyewe. Mwenzetu akipoteza mguu katika kupanga mabehewa, chama hakisemi atupwe. Chama hudai alipwe fidia, kisha apewe kazi aiwezayo. Twasema mtu si mguu. Ikiwa neno hilo ni kweli kwa mtu wa miaka 40, ni kweli zaidi kwa mtoto wa miaka 4.

SHERIA YASEMAJE

Hatutakaa sana hapa, lakini kila mzazi yampasa kujua maneno haya kabla ya kwenda kuzungumza na mkuu wa shule. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuingia katika shule zilizo pamoja na watu wengine, kadiri ifaavyo kwa masilahi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 34, yakataza shule kumbagua mtoto anayetaka kuingia, na ulemavu umetajwa humo kwa jina, na lugha pia. Kifungu hicho hicho chakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuingilia, isipokuwa kwa kujua tu aanzie wapi. Na Katiba hiyo iliikabidhi kazi ya nasari kwa serikali za kaunti. Basi mlango wetu wa kubisha ni wa Kaunti ya Nairobi.

Lakini kuna jambo la kufikiri. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, walioandikwa kuwa na ulemavu ni kama watu 900,000, yaani 2.2 kwa mia. Swali hilo liliulizwa juu ya watu wa miaka 5 na zaidi. Mtoto wa nasari wa miaka 4 hakuulizwa habari yake. Asiyehesabiwa hana wa kumwekea kiti.

MTAALA HAUMFUNGII MTU MLANGO

Tulidhani kwanza ya kuwa shida iko katika mtaala, yaani orodha ya mafundisho yaliyoamriwa. Tukauomba, tukausoma. Tuliona sivyo.

Mtaala mpya wa nasari ulitolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mwaka 2017, ukaanza kufuatwa nchini kote mwaka 2019. Nasari ni miaka 2, ya watoto wa miaka 4 na 5, na kipindi kimoja ni dakika 30. Mafungu yaliyowekwa mwaka ule ni 5: lugha, hesabu, mazingira, ustadi wa mwili na ubunifu, na dini. Yote yameitwa shughuli, hayakuitwa masomo. Maana yake ni kwamba mtoto hatakiwi kukaa kimya akisikiliza, bali atende. Apange, apime, achore, aimbe, aruke, anawe mikono, ajifunge vifungo vya shati. Kwa mtoto asiyeona yaliongezwa mazoezi ya kutayarisha vidole kwa kusoma Breli. Tena imekubaliwa ya kwamba watoto wa umri huu wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa. Kayole lugha hiyo ni Kiswahili.

Linganisheni maneno hayo na mnayoyaona. Mtoto wa miaka 4 ana mkoba wa vitabu unaomzidi uzito. Jioni ana kazi ya kuandika kurasa mbili. Mwisho wa muhula analetewa ripoti yenye nambari, wa kwanza mpaka wa thelathini na tano. Darasani wote huimba kwa sauti moja yaliyoandikwa ubaoni, kwa Kiingereza. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twaijua njia hii. Tuliimba hivyo hivyo, na asiyeimba alipata fimbo. Fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini kuimba ubao kumebaki.

Na katika shule ya kuimba ubao, ni nani hawezi kufuata? Asiyesikia, maana kila kitu ni sauti. Asiyeona, maana kila kitu ni ubao. Mwenye mikono inayotetemeka, maana kila kitu ni kalamu. Mzito wa kushika mambo, maana wote wapaswa kwenda mwendo mmoja. Hao wote huambiwa hawafai kwa shule. Basi neno letu la leo ni hili: mtaala haumfungii mtoto mlango. Namna ya kufundisha ndiyo inayomfungia.

SOMO LA VIZIBO

Msidhani twasema maneno ya vitabuni tu. Tulikwenda kutazama darasa moja ambapo mwalimu hufundisha kwa njia nyingine. Ni chumba cha kawaida, cha mabati, sakafu ya saruji. Watoto huketi juu ya mikeka kwa mafungu. Pembe moja ina duka la kuigiza lenye pakiti tupu za maziwa na unga. Pembe nyingine ina beseni la maji na vikombe. Nyingine ina vitabu vya picha vilivyoshonwa kwa magazeti.

Siku hiyo somo lilikuwa hesabu, kujua tano. Mwalimu alileta beseni la vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Hakuandika 5 ubaoni kwanza. Alimwambia kila mtoto alete vizibo vitano. Hapo tuliona ajabu. Watoto walioimba moja mpaka ishirini bila kukosa, wengine wao walileta konzi nzima. Walijua wimbo, hawakuijua hesabu. Kujua tano si kutaja tano. Ni kuweka kizibo kimoja kwa kila neno, kisha kufahamu kwamba neno la mwisho ndilo jumla ya vyote.

Mle ndani walikuwamo watoto wanne wa namna tunayoizungumzia. Msichana asiyesikia alikaa mbele, mahali pa kuuona uso wa mwalimu. Mwalimu hakusema akiwa amegeuka kuelekea ubao. Alimtazama, akaonyesha alama ya tano katika Lugha ya Ishara ya Kenya, na darasa zima likaifanya alama hiyo pamoja. Watoto wadogo hujifunza ishara upesi kuliko sisi. Mvulana asiyeona vizuri aliketi penye mwanga wa dirisha, akapewa trei ya mayai, atie kizibo kimoja katika kila shimo na kuhesabu kwa vidole. Wa tatu mikono yake haishiki kitu kidogo; vizibo vyake vilikuwa vimebandikwa juu ya vipande vya mbao vya kadiri ya ngumi. Wa nne hajafika tano, yuko mbili. Yeye alipewa kazi ya kugawa vikombe vya uji, kimoja kwa kila mwenziwe. Hiyo nayo ni hesabu, na ndiyo mizizi yake.

Sasa angalieni. Trei ya mayai iliyoletwa kwa ajili ya mmoja, watoto kumi walitaka kuitumia, na walioleta konzi ndio waliofaidi kuliko wote, maana mashimo yaliwafundisha kwenda polepole. Alama ya mkono iliyoletwa kwa ajili ya mmoja iliwasaidia wale ambao Kiswahili chenyewe bado kinawashinda. Hakuna aliyecheleweshwa. Kilichoonekana ni kwamba wengi walikuwa wamechelewa toka zamani, wimbo ukiwaficha.

Kipindi kilipokwisha mwalimu hakutoa alama. Aliandika katika daftari maneno machache juu ya kila mtoto: huyu ameweza tatu leo; huyu ameanza kumsaidia jirani yake; huyu hageuki akiitwa kutoka nyuma, aambiwe mzazi ampeleke akapimwe masikio. Ripoti ya namna hiyo yamfaa mzazi kuliko nambari.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa wafanyakazi na maskini, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto wadogo wakati wazazi wako kazini. Kabla ya hapo alikuwa amewafundisha watoto waliohesabiwa kuwa hawana akili, akiwapa vitu vya kushika, kupanga na kupima. Njia hiyo aliichukua akaitumia kwa watoto wa wafanyakazi wa San Lorenzo, na leo ulimwenguni watu wenye fedha hulipa karo kubwa ili watoto wao wafundishwe hivyo. Njia iliyozaliwa kwa ajili ya watoto waliokataliwa imekuwa njia ya watoto wa matajiri. Na hapa kwetu, kati ya miaka 1971 na 1982, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilikuwa na mradi wa nasari uliowafunza walimu kutengeneza vifaa kwa vitu vya mahali, na kufundisha kwa hadithi, vitendawili na michezo. Tulikuwa nayo njia hii kabla ya kujazwa vitabu vya kununua.

MASWALI TULIYOULIZWA

Tulipozungumza na wanachama nyumba kwa nyumba, tuliulizwa maswali ambayo hatuna haki ya kuyakwepa.

La kwanza: "Mwalimu ni mmoja na watoto ni hamsini, atawezaje?" Hilo ni swali la kweli. Somo la vizibo halifanyiki na mtu mmoja mbele ya watoto hamsini. Darasa tulilolitazama lilikuwa na watoto ishirini na wawili na mwalimu ana msaidizi. Hapa ndipo jambo hili linaporudi kuwa la chama waziwazi. Mwalimu wa nasari ni mfanyakazi. Wengi wa walimu tuliokutana nao hupokea mshahara mdogo, na mara nyingine hucheleweshewa. Hatuwezi kumdai uvumilivu wa malaika na huku tunakaa kimya juu ya mshahara wake.

La pili: "Si kuna shule maalum kwa hao?" Zipo, na zinafanya kazi njema. Mtoto asiyesikia hasa, yamfaa awe na wenziwe wanaosema kwa ishara na mwalimu ajuaye ishara kwa ufasaha. Hatusemi shule hizo zifungwe. Mtoto mwenye shida kubwa sana huenda akahitaji mahali pake na mwendo wake, na Katiba yenyewe imesema kadiri ifaavyo kwa masilahi yake. Lakini nyingi ni za bweni, tena mbali. Kumtoa mtoto wa miaka 4 mikononi mwa mama yake kwa sababu tu nasari ya jirani haitaki kununua trei ya mayai, hilo hatulikubali.

La tatu liliulizwa kwa sauti ya chini: "Je, si laana, au amerogwa?" Ndugu, twawaomba tuyaache mawazo hayo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyekuwa na manjano kali siku za kwanza, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aweza kubaki na udhaifu. Mwingine masikio yake hutoka usaha kila mara, akaonekana mkaidi, kumbe hasikii, na dawa ya hospitali ingemsaidia. Kumficha ndani hakumponyi. Kunampotezea miaka ambayo ubongo wake ungejifunza kwa wepesi kuliko wakati wowote.

La nne: "Tuanzie wapi?" Anzieni kwa kumpima mtoto. Toka mwaka 1984 kuna vituo vya elimu vya kupimia watoto wenye shida, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, iko hapa hapa Nairobi, Kasarani. Humo watawaambia mtoto ana shida gani na shule imfanyie nini. Karatasi hiyo mzazi aende nayo kwa mwalimu, wakae wapange pamoja, wasiende kugombana.

TUNAYOYAOMBA

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matano.

1. Kila mwanachama mwenye mtoto wa umri wa nasari aliye nyumbani kwa sababu ya ulemavu ampe habari Katibu wa tawi, kwa siri akitaka, ili tujue idadi yetu wenyewe. Tusingojee kuhesabiwa na wengine.

2. Tawi liandike barua kwa Kaunti ya Nairobi kuomba nasari za umma zilizo Kayole ziwe na walimu wasaidizi, na walimu wapewe mafunzo ya Lugha ya Ishara na ya kufundisha watoto wa namna zote. Katika barua hiyo hiyo itajwe mishahara ya walimu wa nasari.

3. Wanachama walio mafundi, maseremala na wachomeleaji, watoe Jumamosi moja kwa mwezi. Ngazi mbili mlangoni zaweza kuwa mteremko kwa mfuko mmoja wa saruji. Kiti chenye mgongo na mbavu, cha kumshika mtoto asiyeweza kukaa wima, ni mbao chache. Huko Zimbabwe ulianzishwa ufundi wa kutengeneza viti vya namna hiyo kwa karatasi kuukuu na gundi ya uji wa unga, na vikikauka ni vigumu kama mbao. Fundi atengenezaye behewa hatashindwa na kiti.

4. Kila nyumba ikusanye vizibo, trei za mayai, pakiti za maziwa na mabaki ya vitambaa. Vitu hivi sisi twavitupa, na mwalimu avihitaji.

5. Tukienda kulipa karo tuulize maswali manne: Je, mwampokea mtoto yeyote wa mtaa huu? Watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Hutumia lugha gani? Mtoto atafanya nini kwa mikono yake? Wazazi wote tukiuliza maswali haya badala ya kuuliza mtoto atakuwa wa ngapi, wenye shule watabadilika, maana wao huuza kile tunachotaka kununua.

Ndugu wanachama, sisi watu wa reli twajua ya kwamba garimoshi likipita stesheni, msimamizi hatosheki kuona injini. Hutazama mpaka aione taa ya nyuma katika behewa la mwisho. Asipoiona, hasemi garimoshi limepita. Hulinda njia na kupeleka habari ya kwamba kuna behewa lililokatika nyuma. Kwa muda mrefu tumezihesabu nasari zetu kwa injini, yaani kwa yule wa kwanza darasani.

Yule mtoto wa mwenzetu tuliyemtaja atatimiza miaka 5 karibuni. Bado yuko nyumbani. Muhula mpya ukianza, wawili katika sisi wanne tutakwenda pamoja na baba na mama yake kubisha mlango wa shule, tukiwa na karatasi ya kupimwa mkononi na kifungu cha 34 mfukoni. Anayetaka kufuatana nasi na atoe jina lake kwa Katibu kabla hatujaondoka hapa.

Umoja ni nguvu.